Kumtazama Mtu Usiyemjua

Pantoni ya kutoka Magogoni kwenda Kigamboni huvuka mlango wa bandari kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo hazifanani na nyingine zozote za siku katika jiji la Dar es Salaam. Watu waliokuwa wakisukumana getini muda mfupi uliopita husimama kimya, mizigo ikiwa miguuni na nyuso zikielekea baharini, na kwa kipindi hicho hakuna anayeweza kuharakisha jambo lolote. Mwenye kamera hupata hapo kila anachokitafuta: mwanga wa maji unaopanda usoni, mikono iliyotulia, macho yaliyokwenda mbali. Nimevuka hapo mara nyingi bila kuwa na shughuli yoyote Kigamboni, kwa ajili ya nyuso hizo tu, na ni katika safari hizo ndipo liliponijia swali ambalo sijaweza kuliacha. Mtu aliyesimama hadharani ameonekana na wote, hilo halina ubishi. Je, mpiga picha anadaiwa nini na yule ambaye hajui hata kwamba sura yake imechukuliwa?

Nimewasikia wenzangu wa kazi hii wakijitetea kwa methali ya kale kwamba macho hayana pazia. Methali hiyo ni ya kweli, ila inazungumzia macho. Kilichoonwa na jicho hubaki kwa aliyekiona, hufifia, huchanganyika na mengine, na siku moja hutoweka pamoja naye. Kilichochukuliwa na kamera huweza kuchapishwa, kuuzwa, kutundikwa ukutani mwa nyumba ya mtu wa nchi ya mbali, na kubaki hivyo hivyo baada ya mwenye sura na mpiga picha wote wawili kuzikwa. Kutumia ruhusa ya jicho kuihalalishia kamera ni kukopa hoja isiyotosha deni.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kuzipanga aina za kutazama, na kila neno limebeba hukumu yake. Kuna kutazama na kuangalia, ambako hakuna lawama. Kuna kukodolea macho, ambako ni utovu wa adabu, lakini ni utovu unaofanyika waziwazi, na aliyekodolewa anaweza kugeuka na kuuliza, "Vipi, kuna tatizo?" Halafu kuna kuchungulia, kudoya, na lile neno la vijana, kupiga chabo. Ukiyatafakari maneno haya utaona kwamba kinachoyatenganisha si kile kinachoonekana, kwa kuwa anayetazama na anayechungulia huweza kuona kitu kile kile. Kinachoyatenganisha ni mahali aliposimama mwenye macho. Wa kwanza anaonekana naye, wa pili amejificha. Naamini kwamba upigaji picha wa mitaani unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho kabla ya kupimwa kwa sheria yoyote, na kwamba kazi kadhaa zinazoheshimiwa sana katika fani hii zinayumba zikipimwa hivyo.

Kazi inayonishughulisha kuliko zote ni ya Mmarekani Walker Evans. Kati ya mwaka 1938 na 1941 alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi za New York akiwa na kamera ndogo aina ya Contax aliyoificha ndani ya koti. Sehemu zake za kung'aa alizipaka rangi nyeusi, lenzi akaiacha itokeze kidogo katikati ya vifungo, na waya wa kufyatulia akaupitisha ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani, kiasi kwamba abiria aliyeketi mkabala naye asingetambua lolote. Mara nyingine alifuatana na Helen Levitt, ambaye baadaye alijipatia heshima yake mwenyewe kwa picha za watoto wakicheza katika mitaa ya jiji hilo hilo. Kwa kuwa kamera ilikuwa kifuani, Evans hakuweza kuchungulia katika kidirisha chake. Alikisia tu, akafyatua wakati treni inanguruma, na kwa njia hiyo akakusanya zaidi ya picha mia sita za watu waliochoka, waliosinzia, waliozama katika magazeti, au waliokuwa wakitazama mahali pasipo na kitu.

Ni picha nzuri, na sisemi hivyo kwa kufuata mkumbo. Wanawake waliovaa kofia za msimu wa baridi, mwanamume mwenye mashavu yaliyolegea, watu wawili walioketi bega kwa bega huku kila mmoja yuko katika dunia yake: mtu anayezitazama leo, katika nchi nyingine na baada ya zaidi ya miaka themanini, anahisi kwamba anawafahamu. Hata hivyo Evans hakuzitoa mara moja. Kitabu chenye picha 89 kati ya hizo kilichapishwa mwaka 1966, robo karne baada ya safari zake kwisha, na yeye mwenyewe alijieleza kama mpelelezi mwenye majuto. Nadhani majuto hayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Mtu aliyesubiri miaka yote hiyo, mpaka nyuso zile zimezeeka na kuwa vigumu kutambulika, alikuwa anajua kwamba kuna kitu amekichukua ambacho hakukiomba.

Ninachokipinga kwa Evans ni imani iliyomtuma, ambayo imeenea mno kati ya wapiga picha hata wakaiona kuwa jambo lisilohitaji kujadiliwa. Aliamini kwamba ndani ya treni watu hulegeza ulinzi na kuvua kinyago, na kwamba uso usiojua kuwa unatazamwa ndio uso wa kweli. Imani hiyo ina msingi wake katika jiji ambamo watu wageni kwa wageni huketi ana kwa ana nusu saa nzima bila kubadilishana neno, ambamo kukwepa macho ya mwenzako ndiyo adabu. Lakini nikiipeleka kwenye pantoni ya Kigamboni, au kwenye daladala ya Mbagala, naona inapwaya. Kwetu, macho yakikutana, jambo hufuata. Kijana humwamkia mzee, "Shikamoo," mzee huitikia "Marahaba". Walio rika moja hupeana habari za saa hizi, au angalau kichwa hutikiswa kidogo. Uso unaopokea salamu haujavaa kinyago. Ni uso wa mtu aliye kamili, anayejua kwamba yuko na watu, na una ukweli ambao uso wa msinziaji hauwezi kuwa nao. Anayejificha ili apate uso "usio na kinyago" hapati ukweli zaidi. Anapata nusu moja ya mtu, ile iliyo peke yake, kisha anaiita nzima.

Ushahidi mwingine uko Paris. Ile picha maarufu ya Robert Doisneau ya mwaka 1950, inayoonyesha kijana akimbusu msichana karibu na jengo la halmashauri ya jiji huku wapita njia wakiendelea na safari zao, kwa miaka mingi ilipendwa kama kitu kilichonaswa kwa bahati barabarani. Mwaka 1993, baada ya watu waliodai kuwa wao ndio waliomo pichani kumpeleka mahakamani, ikabainika kwamba wapenzi wale walikuwa wanafunzi wa uigizaji ambao Doisneau aliwaomba wabusiane. Wapo waliohisi wamedanganywa. Mimi naona tukio hilo linatufundisha kwamba kile tulichodhani tunakipenda kwa sababu ya kutojua kwao, tulikipenda kwa sababu nyingine kabisa, na kwamba mtu aliyeombwa huweza kutoa busu lenye uhai sawa na la aliyeviziwa.

Kabla ya Evans alikuwapo Paul Strand, ambaye mwaka 1916, huko huko New York, alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake ili watu wadhani anapiga picha upande mwingine. Katika mfululizo huo alimpiga picha mwanamke mwenye bango shingoni lililoandikwa kwamba ni kipofu, na juu ya bango hilo beji ya leseni ya uchuuzi yenye namba 2622. Picha hiyo imewafundisha watu wengi kupiga picha, nami nikiwamo. Siwezi kuitetea. Mbele ya mtu asiyeona, lenzi ya bandia haikuwa na kazi. Yeye tayari alikuwa amenyimwa uwezo pekee ambao ungempa nafasi ya kugeuza uso. Namba ya leseni yake tunaijua. Jina lake hakuna aliyeliuliza.

Swali la madai ya mwenye sura lilifika mahakamani kwa uwazi zaidi katika kisa cha mpiga picha Mmarekani Philip-Lorca diCorcia. Kati ya mwaka 1999 na 2001, alizifunga taa zake juu ya jukwaa la ujenzi katika eneo la Times Square jijini New York, yeye akasimama umbali wa hatua kadhaa na lenzi ndefu, na kila mtu aliyempendeza alipopita chini ya taa hizo alimulikwa ghafla kwa mwanga ambao mchana wa jiji uliuficha. Kutokana na maelfu ya picha alichagua 17. Mmoja wa watu hao alikuwa mzee wa Kiyahudi wa madhehebu ya Kihasidi, ambaye imani yake inamkataza kutengenezewa sanamu au taswira. Aligundua mwaka 2005 kwamba uso wake ulikuwa umeonyeshwa katika jumba la sanaa, umechapishwa kitabuni, na kuuzwa kwa nakala zisizozidi kumi, kila moja kwa dola 20,000 hadi 30,000. Alishitaki. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupilia mbali madai yake, kwa sababu muda wa kufungua shauri ulikuwa umekwisha kupita na kwa sababu picha hiyo ilihesabiwa kuwa sanaa, ambayo inalindwa na uhuru wa kujieleza hata kama inauzwa.

Kisheria naona hukumu hiyo ilikuwa sahihi, na ningeogopa kuishi katika jiji ambalo limeamua kinyume chake. Fikiria mpiga picha akilazimika kubeba fomu za idhini kwa kila bega lililopita mbele ya lenzi yake: hakuna picha ya soko, ya maandamano, ya kituo cha basi, wala ya mvua iliyowakusanya watu mia chini ya kibaraza kimoja, ambayo ingewahi kuwapo. Tungebakiwa na picha za sherehe na za viongozi wakikata utepe. Lakini hukumu inayosema kwamba jambo linaruhusiwa haijasema kwamba ni jema, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoifunga mada kwa kuitaja kesi hiyo. Mzee yule hakunyimwa nafasi ya kukataa na sheria peke yake. Alinyimwa kwanza na mpangilio wenyewe wa kazi, wenye taa juu ya kichwa chake na mtu asiyeonekana mbele yake. Angemwona, huenda angesema neno. Angesema neno, huenda tungekuwa na picha nyingine, au tusingekuwa na picha kabisa.

Huku kwetu sheria zimekuja juzi. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria ya Kenya imeacha mlango kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Haikuwaachia wafanyabiashara: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ya Nairobi ilitoza faini ya shilingi 1,850,000 sehemu moja ya starehe iliyochapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shilingi 4,550,000 shule moja iliyotangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Nazikubali faini hizo. Ila sheria hutazama zaidi matumizi ya picha baada ya kupigwa, na yule anayemrekodi kwa simu mlevi aliyeanguka mtaroni, au mama anayegombana na kondakta, kisha akaisambaza video hiyo ili watu wacheke, mara nyingi hapati kesi. Ninawataja hao kwa sababu umma unatuchanganya nao, na hatuna haki ya kulalamika kwamba tumechanganywa kama na sisi tunajificha.

Wala shaka ya watu juu ya kamera haikuanza na simu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, studio za Zanzibar na Mombasa zilichapisha kadi za posta kwa ajili ya wasafiri wa Kizungu, na wanawake wa pwani walisafiri juu ya kadi hizo hadi Ulaya wakiwa wameandikwa chini yao kabila tu, kana kwamba ni aina ya mti. Mtu wa Kariakoo anayefunika uso kwa ukingo wa kanga anapoiona lenzi ndefu ya mtalii ana sababu, hata kama hajawahi kuiona kadi moja ya aina hiyo. Mambo haya hurithishwa bila vitabu. Kwa upande mwingine, watu hao hao waliokwepa kamera ya barabarani walikwenda kwa hiari yao, wamevaa nguo za sikukuu, kusimama mbele ya kamera ya mtu waliyemfahamu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na familia nyingi za Mji Mkongwe ziliwekewa kumbukumbu zao hapo. Waliokwenda huko hawakuwa wanachukia kupigwa picha. Walikuwa wanajua ni nani anayewapiga, duka lake liko wapi, na wakirudi keshokutwa watamkuta.

Hapo naona jibu la swali langu likianza kujitokeza, na halihitaji fomu. Mpiga picha wa mtaani hana haja ya kuomba ruhusa kabla ya kila picha, kwa sababu ruhusa inayoombwa kabla huua kile kile kilichomfanya ainue kamera. Anachodaiwa ni kuwa mtu wa kuulizwa. Asimame mahali anapoonekana, karibu kiasi cha kufikiwa na sauti, kamera ikiwa mkononi, na baada ya kufyatua asikimbie. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha zaidi ya laki moja bila kuzionyesha, alitumia kamera aina ya Rolleiflex ambayo hushikwa usawa wa tumbo na humlazimu mpigaji kuinamisha kichwa ili aone kidirisha chake kwa juu. Sijui ishara nyingine ya mwili inayofaa zaidi kwa kazi hii. Watu wengi katika picha zake wanamtazama. Wengine wamekunja uso, na amekubali kubaki na mikunjo hiyo. Inasikitisha kwamba yeye mwenyewe hakupewa fursa aliyowapa hao: mali zake zilizokuwa katika ghala ziliuzwa kwa mnada mwaka 2007 kwa sababu ya deni la pango, akafariki mwaka 2009, na umaarufu wote uliofuata ulimkuta kaburini, akiwa hana namna ya kuitika wala kukataa.

Kuna picha moja ninayoirudia kila ninapofikiria haya. Ilipigwa na Mhungaria Martin Munkácsi yapata mwaka 1930, na inajulikana kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika: watoto watatu weusi, uchi, wanakimbilia ndani ya wimbi, migongo yao kwetu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa upigaji picha wa mitaani, alieleza kwamba ni picha hiyo iliyomwonyesha kamera inaweza kufanya nini, na muda mfupi baadaye akanunua kamera yake ya Leica na kuingia barabarani. Fani nzima ya kuwatazama wageni katika majiji makubwa ya Ulaya imechota basi kutoka kwenye furaha ya watoto watatu wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Siioni picha hiyo kuwa wizi. Mwili wote wa kila mtoto uko katika furaha yake, na mpiga picha hakuvizia udhaifu wala aibu ya yeyote. Natamani tu mmoja wao angegeuka.

Mwaka jana, kwenye pantoni ile ile, nilimpiga picha mzee mmoja aliyekuwa amempakata jogoo ndani ya kikapu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliisikia sauti ya kamera, akageuka, nami nikaishusha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenichukua?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, nimemchukua. Neno hilo lilinigusa kuliko lawama yoyote ambayo angeweza kuitoa, maana kwa Kiswahili chetu cha kila siku ndivyo linavyosemwa na ndivyo lilivyo. Akaniambia nimwonyeshe. Akakisogelea kioo cha kamera, akamkagua jogoo, akajikagua mwenyewe, akaridhika. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya picha, nyuma ya bega lake, ambako mwanamke mmoja aliyejitanda mtandio wa kijani alikuwa akitazama maji, uso wake wote ukiwa mwangani. Mimi sikuwa nimemwona wakati nafyatua, na ndiye aliyeifanya picha ile iwe picha.

"Mimi sina neno," mzee akasema. "Lakini huyu hujamwamkia."

Nikageuka kumtafuta. Pantoni ilikuwa imekwisha kugusa Kigamboni, mlango unashuka, pikipiki zinaunguruma, na umati ulikuwa umeanza kutoka kwa kishindo. Niliona mtandio wa kijani mara moja karibu na geti, nikasukumana na watu kuufuata, na nilipofika alikuwa ni mtu mwingine. Nimevuka tena mara kadhaa kwa saa ile ile, nikiwa na nakala ya picha hiyo ndani ya bahasha. Ya mzee na jogoo wake, iliyokatwa pembeni, alikwisha kuipata. Ile nzima bado haijaonwa na mtu.